KUWATAYARISHA WANAFUNZI KWA MJADALA WA BODI YA KAMPUNI YA MAFUTA

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu, wazazi na wanafunzi wa skuli za sekondari za Unguja na Pemba. Yanachapishwa katika ukurasa huu ili watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla nao wapate kufaidika.





Mjadala wa skuli ni jambo lililozoeleka Visiwani. Hutangazwa hoja, wakachaguliwa wasemaji wa kuunga mkono na wa kupinga, na mwisho wa shughuli mshindi huwa ni yule aliyepigiwa makofi mengi. Mazoea hayo yana faida zake, kwani humfundisha kijana kusimama mbele ya watu na kusema bila ya kutetemeka. Lakini iko namna nyengine ya mjadala ambayo humfundisha jambo zito zaidi, nalo ni kuamua. Namna hiyo ni kikao cha kuigiza cha Bodi ya Wakurugenzi, na hasa Bodi ya kampuni ya mafuta.

Katika kikao cha aina hiyo hapana anayesema ili ashangiliwe. Kila mwanafunzi hupewa wadhifa wake na karatasi zake za hesabu, na mwisho wa kikao hutakiwa anyanyue mkono kwa uamuzi wenye gharama. Akichagua njia hii, kampuni itapoteza fedha. Akichagua ile, maisha ya wafanyakazi yatawekwa hatarini. Akichagua ya tatu, wananchi watakasirika na jina la kampuni litachafuka. Njia isiyo na gharama haipo, na hilo ndilo somo la kwanza.

KWA NINI KAMPUNI YA MAFUTA

Itakumbukwa kwamba mwaka 2015 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha Sheria ya Petroli, ambayo ilifungua njia kwa Zanzibar kuzisimamia yenyewe shughuli za mafuta na gesi asilia katika eneo lake. Mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria ya Zanzibar ya utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi asilia, na kwa sheria hiyo pakawa na mamlaka ya udhibiti, yaani ZPRA, na kampuni ya maendeleo ya mafuta, yaani ZPDC. Mwezi wa Oktoba 2018 ulitiwa saini mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji pamoja na kampuni ya RAK Gas ya Ras Al Khaimah, kwa ajili ya kitalu cha Pemba na Zanzibar.

Mkataba wa aina hiyo una pande mbili za meza. Upande mmoja hukaa watumishi wa Serikali, na upande wa pili hukaa watu waliotumwa na Bodi ya kampuni. Kijana aliyeko kidato cha tatu hivi leo anaweza, baada ya miaka kumi na tano, kuwa mwanasheria, mhasibu, mhandisi au afisa wa mazingira wa upande wa kwanza. Ikiwa hajui watu wa upande wa pili wanayapima vipi mambo yao, wanaogopa nini, na ni wakati gani hulazimika kulegeza kamba, atakuwa sawa na nahodha aliyetweka tanga bila ya kujua upepo unavuma kutoka wapi.

Vipo visiwa vilivyolipata somo hili mapema. Visiwa vya Shetland viko kaskazini ya Scotland, na katika miaka ya 1970, mafuta yalipogunduliwa katika bahari iliyo karibu navyo, wakaazi wake hawakutimia hata elfu ishirini. Baraza lao la wilaya liliomba na kupata sheria yake maalum katika Bunge la Uingereza mwaka 1974, iliyolipa mamlaka juu ya bandari zake. Kwa nguvu ya sheria hiyo Baraza lilikaa na kampuni kubwa za mafuta za dunia, likakubaliana nazo juu ya malipo ya usumbufu, na fedha hizo zikawekwa katika mfuko wa amana kwa manufaa ya wakaazi. Mafanikio hayo hayakuletwa na ukali wa maneno. Waliozungumza kwa niaba ya visiwa walielewa kwamba kampuni zilihitaji mno mahali pa kuteremshia mafuta, na kwamba kila mwezi wa kuchelewa uliwagharimu wenye hisa. Walijua kinachofikiriwa ndani ya chumba cha Bodi, ingawa wao wenyewe hawakuwa wajumbe wake.

MFANO WA BOYA LA BRENT SPAR

Mfano unaopendekezwa kwa ajili ya zoezi unatoka katika bahari hiyo hiyo. Sababu ya kuuchagua ni kwamba habari zake zote zimekwisha kujulikana, na mwisho wake uliwashangaza wote waliohusika.

Brent Spar lilikuwa boya kubwa la kuhifadhia mafuta, lililowekwa kaskazini mashariki ya Shetland katika eneo la mafuta liitwalo Brent. Lilikuwa mali ya kampuni mbili, Shell na Esso, na mwendeshaji wake alikuwa Shell ya Uingereza. Lilianza kazi mwaka 1976. Urefu wake kutoka juu hadi chini ulikuwa mita 137, yaani kuzidi urefu wa kiwanja cha mpira wa miguu, na sehemu kubwa ya urefu huo ilikuwa chini ya maji. Uzito wake ulikuwa tani 14,500, na matangi yake yaliweza kuchukua mapipa 300,000. Meli zilikuja zikafunga hapo, zikapakia mafuta na kuondoka. Mwaka 1978 lilipofunguliwa bomba la kupeleka mafuta katika kituo cha Sullom Voe huko Shetland, haja ya boya ikapungua, na mwaka 1991 likaachishwa kazi moja kwa moja.

Ndipo lilipozuka suala ambalo kila mwenye chombo kikuukuu hulikabili: kitupwe wapi? Wataalamu wa Shell walilichunguza kwa miaka kadhaa na kuzipima njia mbali mbali. Mwisho zikabaki mbili za kushindanishwa. Ya kwanza ilikuwa kulikokota boya hadi katika Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Scotland, na kulizamisha penye kina cha kilomita mbili na zaidi. Ya pili ilikuwa kulilaza ubavu, kulivuta hadi ufukweni na kulikatakata nchi kavu. Njia ya pili ilikisiwa kugharimu zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Aidha, baadhi ya matangi yalikwisha kupata nyufa, na ilihofiwa kwamba boya lingeweza kuvunjika wakati wa kulazwa, karibu na pwani, na kuwaangamiza mafundi. Ndani yake mlikuwa na masalio ya mafuta na tope lenye metali za sumu. Shell ikachagua kuzamisha, na mwezi wa Februari 1995 Serikali ya Uingereza ikakubali.

Kisheria mambo yalikuwa yamekamilika. Lakini tarehe 30 Aprili 1995 wanaharakati wa Greenpeace walipanda juu ya boya hilo na kulikalia, na picha zao zikaonekana katika televisheni za Ulaya nzima. Hoja yao ilikuwa fupi na kila mtu aliielewa: bahari si jaa. Ujerumani wananchi wengi waliacha kununua petroli katika vituo vya Shell, na vituo kadhaa vilishambuliwa, hata kwa moto na risasi. Katika mkutano wa wakuu wa nchi zenye viwanda uliofanyika Halifax, Canada, katikati ya Juni 1995, Kansela Helmut Kohl wa Ujerumani alilifikisha suala hilo kwa Waziri Mkuu John Major wa Uingereza. Waziri Mkuu hakutetereka. Boya likawa tayari linakokotwa kuelekea Atlantiki.

Kikao cha kuigiza kifanywe kana kwamba ni Jumatatu, tarehe 19 Juni 1995. Boya liko njiani, vituo vya Ujerumani vimekimbiwa na wateja, na Bodi inatakiwa iamue.

WAJUMBE NA WAJIBU WAO

Wanafunzi wanane wanatosha kuunda Bodi. Nafasi zao ni hizi zifuatazo:

(a) Mwenyekiti, ambaye huongoza kikao na kuhakikisha kwamba kila hoja imejibiwa kabla ya kura.

(b) Mkurugenzi wa Uendeshaji, ambaye ni mhandisi na ndiye anayelijua boya lenyewe.

(c) Mkurugenzi wa Fedha, ambaye hukisia gharama za kila njia, pamoja na hasara ya mauzo.

(d) Mkurugenzi wa Mauzo wa nchi za Ulaya, ambaye simu yake haiachi kulia.

(e) Mkurugenzi wa Usalama na Mazingira, ambaye huwajibika kwa maisha ya mafundi na kwa hali ya bahari.

(f) Mkurugenzi wa Sheria, ambaye anashikilia kibali cha Serikali mkononi.

(g) Mkurugenzi asiye mtumishi wa kampuni, ambaye kazi yake ni kuuliza yale ambayo watumishi wameyazoea hata hawayaoni.

(h) Katibu, ambaye hana kura lakini kalamu yake ndiyo itakayobakia.

Walimu wawaeleze wanafunzi kwamba mpangilio huu umerahisishwa. Shell ya mwaka 1995 ilikuwa na kampuni mama mbili, moja ya Uholanzi yenye asilimia 60 na moja ya Uingereza yenye asilimia 40, na chini yake palikuwa na kampuni za nchi mbali mbali zilizojiendesha kwa uhuru mkubwa. Hiyo ilikuwa sehemu ya tatizo lenyewe. Uamuzi ulifanywa na Shell ya Uingereza, lakini waliokabiliana na hasira za wateja walikuwa ni Shell ya Ujerumani. Kwa kuwaweka wote katika meza moja, zoezi huwapa wanafunzi nafasi ya kuyasikia mabishano ambayo katika hali halisi yalifanyika kwa mbali.

Nje ya Bodi wawepo mashahidi wanne: mvuvi wa Scotland, fundi wa kukata vyuma, mwanaharakati wa Greenpeace, na Mjerumani mwenye gari. Hao huitwa mmoja mmoja, husema kwa dakika tano, huulizwa maswali, kisha hutoka. Hawapigi kura. Katika maisha ya kweli pia, watu wanaoathiriwa na uamuzi aghalabu hawamo katika chumba ambamo uamuzi unafanywa, na wanafunzi wanafaa walione hilo kwa macho yao.

Hapa pana kosa ambalo hutokea mara kwa mara. Mwanafunzi akishapewa wadhifa wa mkurugenzi wa mafuta, hujifanya mtu katili, mwenye kucheka maradhi ya samaki na kuhesabu noti. Mchezo wa namna hiyo hufurahisha, lakini haufundishi. Mkurugenzi ni mtu aliyewekewa amana. Fedha anazozisimamia si zake. Nyingi ni za watu wasiomjua, wakiwemo wastaafu ambao mifuko yao ya pensheni imenunua hisa. Sheria ya makampuni ya Uingereza ya mwaka 2006, ambayo haikuwepo wakati wa boya hili, inamtaka mkurugenzi aitafutie kampuni mafanikio kwa manufaa ya wenye hisa wote, na katika kufanya hivyo azingatie matokeo ya muda mrefu, maslahi ya wafanyakazi, athari kwa jamii na mazingira, na sifa ya kampuni kwa uadilifu. Mwanafunzi akiusoma wajibu huo kwa makini ataona kwamba unaweza kutumiwa kutetea kuzamisha, na unaweza vile vile kutumiwa kutetea kutozamisha. Ugumu wa kazi uko hapo.

MATAYARISHO YA WIKI NNE

Zoezi halihitaji vifaa vya gharama. Ubao, chaki na nakala chache za karatasi zinatosha. Kinachohitajika ni muda, na wiki nne ni kiasi cha kuridhisha.

Wiki ya kwanza ni ya kusoma. Darasa zima, si wajumbe peke yao, lisomeshwe habari za boya hadi kufika tarehe 19 Juni 1995 na lisivuke hapo. Sharti hili ni muhimu. Mwanafunzi anayejua yaliyotokea baadaye hawezi tena kuamua. Anaweza kukumbuka tu. Waliokuwa katika meza ile siku ile hawakujua kesho yao, na ni haki wahukumiwe kwa yale waliyoyajua.

Wiki ya pili ni ya kugawa nafasi. Zisigawiwe kwa kupenda. Yule anayependa mno bahari apewe nafasi ya Fedha, na yule anayeamini kwamba sheria ikishasema basi mambo yamekwisha, apewe nafasi ya Greenpeace. Mtu haijui hoja mpaka aibebe. Kabla ya wiki kumalizika, kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa hoja iliyo kinyume na yake, na aisome mbele ya mwenye hoja hiyo. Akisema mwenyewe, "Naam, hivyo ndivyo ninavyosema," hapo mwanafunzi amefaulu. Akisema amepotoshewa maneno yake, karatasi irudiwe. Insafu huanza kwa kuyabeba maneno ya mwenzio bila ya kuyapunguza.

Wiki ya tatu ni ya hesabu, na itaelezwa hivi punde. Wiki ya nne ni ya utaratibu wa kikao: akidi, ajenda, kuomba ruhusa ya Mwenyekiti, kutoa hoja, kuiunga mkono, kuirekebisha, kupiga kura, na kuandikisha kutokubaliana. Watumishi wa Serikali waliozoea vikao wanaombwa wajitolee kuzisaidia skuli za karibu nao katika wiki hii. Wanalolifanya kila mwezi bila ya kulifikiria ni elimu kamili kwa kijana.

KUIPIMA TARAKIMU

Tarakimu ikitajwa kwa sauti nzito hunyamazisha watu. Ndiyo maana inafaa kijana afundishwe kuisimamisha mlangoni na kuiuliza maswali kabla ya kuikaribisha ndani.

Katika mgogoro wa Brent Spar, Greenpeace ilitangaza mwezi wa Juni 1995 kwamba ndani ya boya mlikuwa na tani 5,500 za mafuta. Shell ilisema kiasi kilichobaki kilikuwa kidogo mno kuliko hicho. Mwalimu aiandike tarakimu hiyo ubaoni, na awape wanafunzi maswali manne: Nani aliyepima? Alipima kwa chombo gani? Alipima sehemu gani ya boya? Na aliyepima angefaidika nini kama tarakimu ingekuwa kubwa au ndogo?

Kisha wafanye hesabu. Tani moja ya mafuta ghafi ni kiasi cha mapipa saba na kitu. Kwa hivyo tani 5,500 ni karibu mapipa elfu arubaini. Matangi yaliweza kuchukua mapipa 300,000. Je, ni jambo la kuingia akilini kwamba kampuni inayoishi kwa kuuza mafuta iliacha ndani ya boya zaidi ya sehemu moja katika kumi ya uwezo wake, na lisiuzwe? Huenda ndiyo, huenda siyo. Lakini mwanafunzi aliyefika katika swali hili amekwisha kuwa mbele ya magazeti mengi ya mwaka ule.

Maswali hayo hayo yaulizwe kwa upande wa pili, bila ya upendeleo. Shell ilisema kukatakata nchi kavu kutagharimu zaidi ya mara mbili. Nani alikisia? Je, makisio yalitia ndani hasara ya wateja waliohama? Mtu anayezihakiki tarakimu za mpinzani wake tu bado hajajifunza kuhakiki.

SIKU YA KIKAO

Kikao kichukue saa mbili. Mwenyekiti afungue, Katibu athibitishe akidi, na kila mkurugenzi atoe taarifa yake kwa dakika nne. Mashahidi waitwe baada ya hapo.

Katikati ya kikao mwalimu aingize bahasha moja iliyofungwa. Ndani yake muwe na habari mpya, kwa mfano kwamba mauzo ya Ujerumani yameshuka tena, au kwamba Serikali ya Uingereza imesisitiza kuwa haitabadilisha msimamo wake. Madhumuni ya bahasha ni kuona nani atabadilisha rai yake kwa sababu ya dalili mpya, nani atabadilisha kwa sababu ya hofu, na nani hatabadilisha hata dalili ikimkodolea macho. Mwalimu ayaandike aliyoyaona na ayazungumze baadaye kwa upole.

Kabla ya kura, Mwenyekiti aulize kama yuko mjumbe mwenye njia ya tatu. Swali hili lisirukwe. Kisha kura ipigwe kwa kunyanyua mikono, na kila mjumbe aseme kwa sentensi moja sababu ya kura yake. Asiyekubaliana na wengi aandikwe kwa jina na kwa sababu. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini neno huharibika pale wengi wanapoogopa kuonekana wachache.

Mwisho Katibu asome azimio. Azimio likiwa halieleweki na mtu aliyekaa nje ya chumba, basi kikao hakijaamua.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Siku ya pili yake ndipo wanafunzi waambiwe historia. Tarehe 20 Juni 1995 Shell ilitangaza kuacha mpango wa kuzamisha. Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa ameutetea mpango huo Bungeni siku hiyo hiyo. Boya likakokotwa hadi Norway na kuwekwa katika ghuba ya Erfjord likisubiri uamuzi mwengine.

Hapo mtu angedhani kwamba upande mmoja ulikuwa na haki yote. Lakini mwezi wa Septemba 1995 Greenpeace iliandika kwa Shell kuomba radhi kwa tarakimu yake ya tani 5,500. Sampuli ilichukuliwa katika bomba linaloelekea katika tangi, si ndani ya tangi lenyewe. Uchunguzi huru wa taasisi ya DNV ya Norway, uliotolewa mwezi wa Oktoba mwaka huo, ulionyesha kwamba makisio ya Shell yalikuwa karibu zaidi na ukweli. Greenpeace, hata hivyo, haikuiacha hoja yake ya msingi, kwamba bahari isigeuzwe jaa. Mwezi wa Julai 1998, nchi zinazopakana na Atlantiki ya Kaskazini Mashariki zilikutana Sintra, Ureno, na kupiga marufuku kutupa baharini mitambo ya mafuta iliyokwisha kazi, isipokuwa kwa hali maalum chache. Tarakimu ilishindwa, na msingi ukashinda.

Na boya lenyewe? Mwaka 1998 Shell ilichagua likatwe vipande vya mviringo, na vipande hivyo vitumike kuwa msingi wa gati huko Mekjarvik, karibu na mji wa Stavanger nchini Norway. Kazi ilikamilika mwaka 1999. Halikuzamishwa, wala halikuishia kuwa chuma chakavu. Lilifanywa mahali pa kufungia meli. Hiyo haikuwa moja ya njia mbili zilizogombaniwa mwezi wa Juni 1995, wakati kila upande ulipokuwa umeshughulika kumshinda mwenziwe. Ndiyo sababu Mwenyekiti anatakiwa aulize juu ya njia ya tatu kabla ya kura.

MANUFAA KWA VISIWA

Ndugu wasikilizaji, kampuni katika mfano huu ilikuwa na hesabu nzuri na kibali halali, lakini ilisahau kuwauliza watu walioiona bahari kuwa ni yao. Wapinzani wake walikuwa na hoja ambayo dunia iliipokea, lakini waliiharibu kwa tarakimu wasiyoihakiki. Serikali ilitoa kibali kwa kufuata sheria, ikadhani kwamba kibali kikishatoka wananchi hawana zaidi la kusema. Kila mmoja katika hao watatu anaweza kuwa mtumishi wa umma, mwanakijiji au mwekezaji wa kesho katika visiwa hivi.

Mvuvi wa Tumbatu au Micheweni hataulizwa siku moja juu ya boya la Shetland. Anaweza kuulizwa juu ya meli ya uchunguzi inayopita penye dema zake, juu ya fidia, au juu ya chombo kitakachoachwa baharini baada ya kazi kumalizika. Siku hiyo atahitaji kijana wake awepo katika meza, anayejua kusoma mkataba hadi kifungu kinachosema nani ataondoa mabaki na kwa fedha za nani. Kifungu hicho huandikwa mwanzoni, wakati kila mtu ana furaha, na husomwa mwishoni, wakati mafuta yamekwisha.

Skuli zinashauriwa kuanza zoezi hili kwa madarasa ya kidato cha tatu na cha nne, na walimu wa historia, jiografia, hesabu na Kiswahili walibebe kwa pamoja, kwani hapana somo moja linaloweza kulitosheleza. Wazazi wanaombwa wawasikilize watoto wao wanapofanya majaribio nyumbani, na wawaulize lile swali la pili: "Na wewe umejuaje?" Kumbukumbu zilizoandikwa na Katibu wa kila kikao ziwekwe skulini, ili darasa la mwaka unaofuata lizisome na kuona wenzao walifikiri nini kabla ya kuambiwa jibu.